Tarawehe ya Shangazi Rukaiya

"Shangazi, mbona huendi msikitini kuswali tarawehe na wenzako?" Hafidha aliuliza, akiwa darasa la pili.

"Kacheze huko, mbea wewe!" Shangazi Rukaiya akajibu, macho yake kwenye ukungu ulioshuka taratibu kutoka Mlima Meru.

Tangu Shangazi amzae mwanawe Najim, akiinama au kukohoa mkojo ulimtoka, na udhu wa swala ukatenguka. Hedhi ilipokoma, hali ikazidi. Ndipo akaenda hospitali, na mtaalamu wa mazoezi ya tiba akamfundisha kukaza misuli ya nyonga, kama anayebana mkojo, kisha kuilegeza. Akawa akifanya hivyo huku anakanda chapati, uso umetulia kama wa mtu aliye ndotoni, hadi mkojo ukaacha kumtoka.

Ramadhani hii Hafidha, sasa kidato cha tatu, alitoka na Shangazi msikitini baada ya tarawehe.

"Mkojo ulikuwa unanitoka nikisujudu, mwanangu," Shangazi akasema. "Nikadhani ndivyo uzazi ulivyo, nikanyamaza."