Nililalamikia Tungule, Baba Akapoteza Kazi

Admin, nakuomba unisitiri. Usiweke jina langu wala picha, maana humu wamo majirani zetu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, karani katika ofisi ndogo Mlandege. Naishi Kikwajuni na baba yangu, mwalimu mstaafu, pamoja na wadogo zangu wawili wanaosoma. Mama ametangulia mbele ya haki, huu mwaka wa nne. Mshahara wangu ndio unaoinjika chungu cha nyumba ile, kwa hiyo nimekuwa mtu wa kuogopa. Naogopa kuchelewa kazini, naogopa mwezi ukifika tarehe ishirini.

Kwetu anayekwenda sokoni ni mwanamume. Baba alikuwa akitoka asubuhi kwenda Darajani na kikapu chake cha ukili, ambacho mkono wake mama aliuzungushia kitambaa chekundu. Tatizo la baba ni mazungumzo. Akimkuta mwanafunzi wake wa zamani anauza samaki, hapo atakaa mpaka adhuhuri, na atanunua hata asichokihitaji kwa kumwonea haya. Akisahau kitu, mimi ndiye wa kukikimbilia kesho yake kabla ya kazi. Bosi wangu alishanionya mara mbili kwa kuchelewa.

Ndipo nikajiunga na duka moja la mtandaoni. Unatuma orodha mara moja kwa wiki, unaandika na kiasi ambacho hutaki kizidi, wao wanakwenda kukuchagulia sokoni. Kila mteja ana namba. Mimi ni kumi na nne. Kuletewa mzigo Mlandege ni bure, basi naupokea ofisini na kurudi nao nyumbani. Nikamwambia baba apumzike, soko nshalimaliza kwa simu. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya mwanangu, kama lakufaa." Akakitundika kikapu msumarini.

Kwa miezi mitano nilipumua. Sikuchelewa tena, na pesa zilifika mwisho wa mwezi. Hata ndani ya mfuko kila wiki nilikuta ndimu tatu nisizoziagiza, nikadhani ni nyongeza ya duka. Nilifurahi, maana tangu utotoni mimi chakula bila ndimu hakinipiti kooni. Baba naye aliniambia asubuhi huenda barazani kwa wenzake. Mimi hutoka kabla yake na kurudi baada yake, sikuwa na sababu ya kuchunguza.

Wiki tatu zilizopita mfuko ulikuja na tungule laini, zile ambazo ndugu zetu wa Bara wanaziita nyanya. Mbili zilikuwa zimepasuka na kulowesha unga. Siku hiyo bosi alikuwa amenifokea mbele ya wateja, nami nilikuwa natafuta pa kushushia hasira. Badala ya kumpigia mwenye duka taratibu, niliandika kwenye kundi la wateja wote: "Mchaguaji wenu kama haoni, tafuteni anayeona. Tuna bajeti ndogo, sisi si jaa la taka." Watu wakaniunga mkono. Mmoja akasema labda huyo anachagua kwa kunusa. Nilicheka.

Kesho yake mwenye duka, dada mmoja mpole, akaniandikia pembeni: "Samahani sana. Tumemwachisha kazi. Ni mzee wa watu, zamani mwalimu, anatembea na kikapu cha mkono mwekundu. Anasema zile tungule mbivu ndizo zilizokuwa rahisi, na wewe uliweka kiwango. Alitaka pesa ya samaki ienee."

Nilijifungia katika choo cha ofisi. Baba alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho mwaka jana, na jicho moja mpaka leo lina ukungu.

Nilipopata nguvu nikamuuliza yule dada kuhusu ndimu. Akashangaa. "Ndimu gani? Sisi hatutoi nyongeza." Basi hapo nikajua mengi kuliko nilivyotaka kujua. Mfuko alioujaza asubuhi, baba aliuona jioni juu ya meza yetu. Alijua kumi na nne ni nani tangu wiki ya kwanza, akawa ananinunulia ndimu kwa pesa yake. Na yale maneno ya kumi na nne kwenye kundi, alijua yametoka kwa nani.

Hajasema kitu. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba kama kila siku. Jioni ananiuliza kama kazini salama. Lakini hatoki tena. Anakaa ukumbini na miwani mkononi, chakula anakiacha nusu. Mdogo wangu alipomuuliza mbona haendi barazani, alisema macho yamechoka. Juzi nikamuuliza kama mchuzi umekolea. Akasema, "Umekolea. Umekosa ndimu tu." Akaendelea kula, hakuniangalia.

Mwenye duka yuko tayari kumrudisha, ila anasema wateja wameshaikataa mikono yake, mpaka kumi na nne mwenyewe ajitokeze kundini aseme alikosea. Nimeandika na kufuta mara nyingi. Si kwamba naona haya kwa wateja. Baba alinificha kazi ile ili nisisikie vibaya kwamba anabebea watu vikapu uzeeni, kisha akanyamaza ili nisiaibike mbele yake. Nikisema, nimezivua sitara zote mbili. Nisiposema, namwona anavyonyauka.

Ndugu zangu, hasa nyinyi ambao wazazi wenu bado wapo, nipeni neno la kuanzia. Nimshike miguu nimwambie ni mimi, au nimnyamazie kama alivyoninyamazia? Jumamosi natakiwa kutuma orodha mpya. Nimeiandika tayari, na mara hii nimeagiza ndimu. Nimeshindwa kuituma.