Mlango wa Treni ya Marabo

Mke wangu akitaka ninyamaze mbele ya wageni, hasemi "nyamaza". Anasema tu "ndevu", na mimi hapo hapo natafuta njia ya kutoka nje. Afadhali niwaambie mwenyewe, maana hapa Shari, pembeni mwa Bunia, kila mtu anaisimulia habari hii na kuitia chumvi, wakati chumvi niliyoitia mimi siku ile ilitosha.

Bunia hatuna reli. Lakini mfanyabiashara mmoja alinunua basi refu Uganda, akatangaza kwamba litakwenda Marabo na kurudi kwa saa kamili kama treni, basi watu wakaliita Treni. Lilitakiwa kuanza baada ya Pasaka, halikuanza. Mara breki, mara kipande fulani cha injini bado kiko Kampala, na siku moja lilifika sokoni likarudi likisukumwa. Mimi nikazidi kulitetea (ujanani niliwahi kuiona treni ya kweli kule Mungbere, kuiona tu, sikuipanda, lakini hilo la kutoipanda huwa silitaji).

Wakati huo mwanangu Ngabu alikuwa amepata mchumba Marabo, na siku ya kupeleka mahari nilikuwa nimeiahirisha tayari mara moja, nikilingoja hilo Treni. Wakati wa vita tulikimbia kutoka Djugu na magodoro kichwani, na tangu hapo ukoo wetu haukuwa umefanya sherehe yoyote. Nilitaka wakwe watuone tukishuka kutoka kwenye kitu kirefu. Baba wa binti akatuma neno: "Wakichelewa tena, nitajua wanatuzarau."

"Papa, twende na mapikipiki," Ngabu aliniomba.

"Weye unajua nini ya treni?" nikamjibu.

Basi tukapanda, sisi, mbuzi wetu wa mahari juu ya paa, kila mmoja na utepe mwekundu shingoni, na abiria wengine wengi. Mlango ukakataa kufungwa, wakaufunga kwa kamba. Kwenye kilima cha kwanza injini ikachemka, tukashuka kutafuta maji, tukapanda, ikachemka tena. Simu ikalia, ni shangazi wa binti: "Muko wapi? Muzee anaangalia saa." Nikasema tumekaribia, na huku mabati ya Bunia bado nayaona nyuma. Nilikuwa nikirudia hotuba yangu midomo ikichezacheza, mpaka mke wangu, mama Ngabu, akaniuliza kama ninasali. Nikamwambia ndiyo, na haukuwa uongo mtupu.

Tulipofika Marabo jua lilikuwa limepita kichwa. Treni likasimama kando ya barabara, likakohoa, likazimika moja kwa moja. Na mlango ambao njia nzima ulikataa kufungwa, sasa ukakataa kufunguka! Shofere akaupiga teke, ukaachia, na mimi nikatoka wa kwanza, mbio, kofia mkononi.

Sasa sikilizeni. Uganda magari yanapita kushoto, kwa hiyo mlango wa basi lile uko kushoto. Sisi huku tunapita kulia. Wakwe walikuwa wamejipanga upande wa kulia, na Treni lenyewe, lile refu nililolisifu, likawaziba wote. Mimi (sikuwahi kufika kwao, utambulisho ulifanyikia Bunia) nikaona ng'ambo ya barabara turubai, viti vya plastiki, watu wengi wamekaa kimya. Nikasema moyoni, wamekasirika, tumechelewa mno.

Nikavuka. Nyuma Ngabu, aliyekuwa juu ya paa akishusha mbuzi, akapiga kelele: "Papa! Papa, hapana kule!" Nikamwinulia mkono anyamaze. Kijana haongei siku ya mahari yake.

"Wazee wetu," nikaanza kwa sauti kubwa, "mutusamehe kuchelewa. Tumeona ua katika kiwanja chenu, ua nzuri sana, na hatutarudi kwetu bila yeye. Mbuzi hawa wote ni wenu!"

Mama Ngabu akapiga vigelegele. Ndipo mama mmoja mzee, kitambaa cheusi kichwani, akainuka polepole.

"Muzee," akasema, "ua yenye iko hapa iko ndani ya sanduku, na iko na ndevu. Munataka kuioa?"

Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, na kumbe kilikuwa cha padri.

Baba wa binti akatokea nyuma ya Treni, koti lake limefungwa vifungo vyote.

"Bokilo, mukwe wangu," akasema, "tulipatana na wafiwa hawa tukupokee pole pole, bila nyimbo. Sasa weye umekuja kuwaimbia kwao."

"Nisamehe, bokilo. Mlango..."

"Hotuba ilikuwa muzuri, nimesikia yote. Lakini mbuzi wenye umewatoa mbele ya marehemu ni wa marehemu. Miye siwezi kuwapokea."

Mama Ngabu akawafungua utepe mmoja mmoja, bila kuniangalia. Tukaketi na wafiwa mpaka maziko. Treni halikuwaka tena siku ile, tukarudi kwa mapikipiki, na Ngabu akasema neno moja tu njia nzima: "Papa, si nilikuita?"

Ngabu alingoja mpaka mavuno mengine tupate mbuzi wengine, na kila jioni ya kungoja kule ilikuwa kosa langu mimi, si la Treni.

Tuliporudi Marabo, kwa mapikipiki, ndugu yangu ndiye aliyepewa kusema. Mimi nilisimama langoni kwa wakwe, kofia mkononi, nikauliza kama ninavyouliza sasa kila ninapofika, hata kanisani:

"Hapa munalia ao munacheka?"

Mama wa binti akajifuta mikono.

"Leo tunacheka, Papa. Ingia. Lakini weye ukae kimya."