Honi Moja, Madirisha Mawili

Mwenzangu katika makala ya sumukuvu kwenye mahindi, niliyeunganishwa naye na profesa wa Ulaya, alikulia kwenye nyumba ambayo paa lake naliona kutoka uani kwa mama yangu, Tunduma. Yeye yuko upande wa Zambia. Kati yetu pana barabara ya malori.

"Yaani Mzungu ndiye aliyekutambulisha kwa jirani?" mama aliuliza, akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Tulikuwa tumeandikiana barua pepe karibu mwaka mzima, kila mmoja akidhani mwenzake yuko mbali, chuoni kwake. Mimi nilikusanya mahindi kwa wakulima wa Msangano, upande wetu, yeye akayapima maabara kwao. Likizo moja tukakutana na profesa kwa video. Lori likapiga honi dirishani kwangu, na papo hapo honi ileile ikaja kupitia simu, kutoka dirishani kwake. Profesa akauliza kama mtandao una mwangwi.

"Uko wapi, mukwai?" mwenzangu akaniuliza, kwa ile heshima ya Kibemba.

"Tunduma, kwa mama."

"Acha utani! Mimi niko Nakonde, kwa baba."

Kesho yake nilivuka mpaka kwenye ukungu. Simu yangu ilionyesha saa tatu, ya kwake saa mbili za Zambia, na asubuhi ile ilikuwa kama tumeongezewa saa isiyo ya mtu. Tulikaa kati ya mahindi yaliyoanikwa, tukaandika hadi jua likapenya ukungu bila sisi kuliona. Mpaka tukafika kwenye majina ya waandishi.

Kwenye kupandisha vyeo, chuo changu kinamhesabia makala mwandishi wa kwanza tu. Cha kwake pia. Wote wawili tunasubiri uhadhiri mwandamizi, na hatuna makala nyingine iliyo tayari.

"Mahindi nimeyatafuta mimi," nikasema.

"Bila maabara hayo ni ugali tu, Daktari."

Tulicheka, lakini hakuna aliyerudi nyuma. Profesa naye alijibu kwa mstari mmoja: amueni wenyewe.

Leo asubuhi nimefungua faili letu la pamoja mtandaoni. Makala imekamilika. Alama ya kijani inayoonyesha mwenzangu yuko wapi kwenye faili ilikuwa imesimama kwenye mstari wa majina, ikiwaka na kuzimika, bila kuandika kitu. Nikaiweka yangu pembeni yake, nami sikuandika. Jarida linataka majina Ijumaa. Mpaka sasa mstari ule ni mtupu.