Mlinzi Aliyemkana Eloisa

Eloisa Tafoya alirudi kazini mjini Albuquerque, Marekani, mwaka 1999, baada ya kiharusi kumweka kitandani miezi kadhaa. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, na maneno yalimtoka kwa kujikokota.

Katika chumba cha kompyuta cha kampuni moja ya maji ndimo alimokuwa amejenga, kabla ya kuugua, programu ya ulinzi iliyoiga kinga ya mwili. Ilizalisha vilinzi vingi, yaani vijiprogramu vya kunusa hatari, kwa kubahatisha, kisha ikavifuta vyote vilivyoshtushwa na mwenendo wa kawaida wa wafanyakazi. Vilivyobaki vilishtukia ugeni tu.

Asubuhi ya kurudi, chumbani humo, aliandika kwa mkono wa kushoto, akikosea, akifuta. Programu ilikuwa imejifunza mwenendo wa kawaida wakati yeye yuko hospitali. Ikamwona kama mwizi aliyevaa jina la Eloisa; ikamfungia akaunti, kisha mlango wa chumba, ambao nao iliuongoza.

Alivuta kitasa mpaka bega likauma. Chumba kilikuwa baridi kama kawaida yake. Akapiga simu ya ukutani. Akapokea Delfino, mlinzi wa getini aliyeajiriwa yeye akiwa mgonjwa. Akajieleza, na kadiri alivyoharakisha ndivyo ulimi ulivyozidi kumwangusha.

Delfino alikuja akamtazama kupitia kioo cha mlango. Eloisa akainua kitambulisho.

"Kadi huibwa, mama," alisema Delfino. "Na sauti yako ni ya mlevi. Subiri bosi."

Bosi alikuwa safarini katika mji wa Santa Fe, hadi jioni.

Umeme wa mashine ungekatika, mlango ungejifungua. Ndivyo alivyoupanga mwenyewe. Lakini vilinzi vyote vilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, havijahifadhiwa kwenye diski. Kazi ya miaka ingefutika. Akashika waya wa umeme wa mashine.

"Ukigusa waya huo nitajua wewe ni mwizi kweli," Delfino alionya.

"Basi jua," alisema Eloisa, akauchomoa.

Mlango ukalegea. Delfino akamkamata mkono wa kulia, akauhisi ulivyoning'inia bila nguvu, akauachia taratibu. Akamletea kiti, wakamsubiri bosi.

Bosi alimtambua, na Eloisa akaijenga programu upya. Safari hii aliifundisha na makosa ya mkono wake wa kushoto, na akaipokonya mamlaka ya kumfungia mtu yeyote kabla binadamu hajamwona na kuzungumza naye. Hata hivyo, hakuwahi tena kukaa mle ndani mlango ukiwa umefungwa.