Mama Masufuria Aomba Kupumzika

"Bibi, siku ukisema hapana, watu watafanya nini?"

Mjukuu aliuliza hivyo akiwa bado hajaanza shule, amekalia sufuria kubwa iliyogeuzwa kifudifudi nyuma ya kanisa, akimtazama bibi yake akisugua masizi. Bibi alimwambia ashuke, hicho si kiti, kisha akaendelea kusugua, mkono ukienda na kurudi kama wa mtu anayepiga randa ubao.

Kila mtu alimwita Mama Masufuria, hata mchungaji, hata watoto wake wakitaka kumchokoza. Jina lilianza alipokuwa bi harusi mbichi. Mama mkwe alimtuma kwenye msiba wa jirani akasaidie kuchota maji tu. Wenzake walipomaliza kula walijifuta mikono, wakaaga mmoja mmoja. Yeye mgeni hakujua anaanzaje kuaga, akabaki na vyombo. Msiba uliofuata watu wakaulizana, "Yule mke mpya yuko wapi? Yule anayejua kuosha." Basi ikawa ndiyo hivyo.

Asubuhi alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali, maana hiyo ndiyo kazi iliyomlipa. Jioni na Jumamosi alikuwa kanisani, kwenye kibanda cha mabati walichokiita jiko. Misiba, harusi, mikutano ya vijana, ugeni wa askofu, wote walikula mkononi mwake. Sufuria aliipaka majivu yaliyolowa kwa nje kabla ya kuiweka motoni, masizi yasigande. Wali aliupalia makaa juu ya mfuniko, halafu akatega sikio. Ukiacha kunong'ona, umeiva. Maumivu ya kiuno nayo aliyajua, na hayo hakufundishwa na mtu.

Mume wake, fundi mwashi mwenye maneno mengi, alikuwa akiwaambia watu, "Mimi nikifa mnizike nyuma ya stoo ya vyombo vya kanisa. Angalau mke wangu atakuwa anapita kunisalimia." Watu walicheka. Yeye pia alicheka, huku akitafuta kitambaa cha kujifunga kiunoni atoke.

Fundi akafa kweli. Siku ya maziko Mama Masufuria aliketi sakafuni na wanawake wenzake, kichwa amekifunika. Hakuwahi kukaa kwenye msiba kabla ya siku ile. Mwenyekiti wa akina mama akaja kwa kunyata, akamwinamia sikioni.

"Pole sana, dada. Samahani. Wali unaungua chini, na juu bado mbichi."

"Punguzeni moto."

"Tumepunguza, dada."

Mama Masufuria akaomba mkono wa kumwinua, akaenda jikoni na nguo zake za msiba, akashika mwiko. Waombolezaji walikula vizuri, wakamsifu kuwa mwanamke wa shoka. Yeye alichokumbuka ni kwamba wakati wanalifunga jeneza, alikuwa anatafuta mfuniko wa sufuria.

Kuanzia hapo uchovu wake ukawa wa aina nyingine, ule unaolala nao na kuamka nao. Akaomba kupumzika. Mwenyekiti akasema, "Tutalizungumza," wakamletea zawadi ya shuka. Akaomba tena. Wakampa saa ya ukutani na makofi mengi. Binti yake, mama wa yule mjukuu, alikasirika.

"Mama, kwani uliapa? Usiende tu. Jifanye mgonjwa."

"Sina haja ya kujifanya, mwanangu, naumwa kweli. Ila nikikaa hapa nikiona moshi kule kanisani, nafsi hainitulii."

"Hiyo nafsi nayo ipigwe pasi."

Jumapili moja akapiga moyo konde. Wakati wa matangazo aliinuka, akajikongoja hadi mbele, akapokea kipaza sauti. Kosa lake lilikuwa kuanza na salamu.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Nimechoka."

Mtu akapiga makofi. Kanisani kwao, anayesimama mbele na kusalimia hivyo anatoa ushuhuda, na ushuhuda mzuri huanzia kwenye shida. Wakatulia wakisubiri afike kwenye ushindi.

"Nimechoka kweli. Magoti hayanibebi. Tafuteni mwingine."

"Amina," wakaitikia kwa nguvu zaidi. Mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo. Mchungaji akashuka, machozi yakimlengalenga, akamwekea mikono kichwani, akamwombea mtumishi huyu nguvu mpya na magoti mapya ili aendelee palepale alipo. Mama Masufuria alifumba macho chini ya uzito wa ile mikono. Yeye kaomba kupumzika, wao wanamwombea kazi.

Jumanne mwenyekiti akabisha hodi, uso umechangamka.

"Dada, magoti yanaendeleaje?"

"Yapo vilevile."

"Yatapona tu. Jumamosi kuna harusi ya binti wa mzee wa kanisa. Watu watajaa. Tunakutegemea."

Mama Masufuria akaingia ndani, akarudi na ufunguo wa stoo. Akauweka kwenye kiganja cha mwenyekiti, akamkunja vidole juu yake.

"Jumamosi nitakuwa nimekaa hapa. Kwenye kiti hiki."

"Sasa sisi tutafanyaje?"

"Sijui."

"Umetukasirikia, dada?"

"Hapana. Hata kukasirika kunataka nguvu."

Jumamosi ikawa ndefu. Alikaa kwenye kiti chake mlangoni. Upepo ukaleta moshi, akajua kwa harufu kwamba wametia kuni mbichi. Akavaa kandambili. Akazivua. Akawawazia wageni wakirudi makwao na njaa, binti wa watu akilia siku ya harusi yake, na kosa lote likiwa la mwanamke mmoja aliyesusa. Akazivaa tena, akainuka, akapiga hatua chache kuelekea njiani, magoti yakakataa, akarudi kukaa.

Jioni mjukuu, ambaye sasa yuko sekondari, alirudi kutoka harusini na bakuli la wali na maharage lililofunikwa. Bibi akaonja, akatafuna taratibu.

"Umelowa."

"Kidogo, bibi."

"Na maharage yana chumvi nyingi. Watu walisemaje?"

"Walikula. Wengine wakaongeza. Bi harusi alicheza mpaka kiatu kikakatika."

"Waliniulizia?"

"Mwanzoni. Kabla chakula hakijatoka."

Bibi aliendelea kula kile chakula kilichopikwa na wengine mpaka bakuli likaisha, akalisogeza pembeni na kunyoosha miguu.

"Kabla hujaanza shule, uliwahi kuniuliza nikisema hapana watu watafanya nini."

"Mimi? Na ukanijibu nini?"

"Sikukujibu. Nilikuwa sijui."

"Sasa je?"

"Watakula, mjukuu wangu. Miaka yote nilidhani naogopa walale njaa. Kumbe nilikuwa naogopa washibe bila mimi."