Uso Ukutani

Mwenye stesheneri, jirani yangu wa ukuta mmoja, ana vidole vyenye wino usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Mteja akimpa flashi, huipokea kwa mikono miwili kama kikombe cha chai ya moto. Ikiwa imefungwa kwa neno la siri, humsogezea mteja kibodi, kisha hugeuza uso ukutani. "Andika mwenyewe, dada. Mimi nina mdomo." Hapumui mpaka mteja achomoe flashi kwa mkono wake. Tulimcheka sana. Lakini kompyuta yake kuukuu huganda ikiprinti kutoka kwenye flashi, kwa hiyo kila faili hulihamishia kwanza kwenye kompyuta, na kulifuta hukumbuka jioni, akifunga.

Siku moja mama mmoja, jicho limevimba, aliprinti maelezo yake kwa wakili kutoka kwenye flashi yenye neno la siri, akaondoka. Saa sita mumewe akaja kutoa kopi ya leseni. Akaegemea kaunta, akatazama kioo cha kompyuta, akasema kwa upole, "Na hilo faili la wakili lenye jina la mke wangu, nitolee." Jirani yangu akalifuta palepale. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Wiki iliyofuata mdogo wake yule mama alileta flashi ileile, akitaka picha ya marehemu dada yake ikuzwe. Kompyuta ikauliza neno la siri. Kwa mazoea, jirani yangu akasogeza kibodi, akageuza uso ukutani.

"Hatulijui, kaka," binti akasema. "Tulidhani wewe unalijua."

Hakugeuka.