Kozi Saba na Mkwe Mmoja

Niliondoka Kahama kwa sababu ya uma. Zilikuwepo sababu nyingine ambazo mtu mwingine angezitaja kwanza, kama ndoa ya Shija, heshima ya familia mbili na safari iliyolipiwa. Lakini mimi nilialikwa kwa ajili ya uma, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema asije akanidhania mtu mkubwa.

Mwenye shida alikuwa Mama Shija, jirani yetu pale Nyasubi. Ni mjane mwenye makarasha Bugarama, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na huko wanaume wazima humwamkia kabla hajashuka kwenye gari. Binti yake, Shija, alikuwa ameposwa na Edwin, kijana wa Bukoba anayefanya kazi Dar es Salaam. Edwin alilelewa na shangazi yake, Ma Adelina, mwalimu mstaafu, na shangazi huyo alikuwa ametoa sharti moja tu: hapeleki mahari kwa watu ambao hajala nao. Edwin angeweza kumleta Kahama akala wali na kuku, mambo yakaisha. Yeye akatukatia wote nafasi kwenye meli ya kifahari inayozunguka Ziwa Victoria kwa siku tatu, chakula cha jioni kozi saba.

"Kozi saba ndiyo nini?" Mama Shija aliniuliza.

"Ni kula mara saba, Mama, ila kidogo kidogo."

"Kama mgonjwa."

Mimi naitwa Kabula. Napanga meza kwenye kumbi za harusi, kazi niliyojifundisha mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu mpaka betri ikavimba. Hakuna aliyenipa cheti. Labda ndiyo maana napima umbali wa kila uma kutoka ukingo wa meza kwa kifundo cha kidole gumba, kisha naondoka, kisha narudi kupima tena. Kabla ya kila shughuli natapika. Wateja husema nina bidii. Mama yangu husema nipelekwe kuombewa.

Wiki nzima kabla ya safari nilimfundisha Mama Shija sebuleni kwake. Uma wa nje unaanza, wa ndani unafuata, leso inakaa mapajani, supu inachotwa kwa kuisukuma mbele. Alikuwa mwanafunzi mzuri, ila alishika kisu kama anataka kukirudisha dukani. Siku ya mwisho alikula ugali wote kwa uma bila kuangusha hata chembe, kisha akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kunawa na kula.

Asubuhi ya kuondoka tulipitia Bugarama, kwa sababu Mama Shija hawezi kwenda popote bila kuyasikia makarasha yake yakinguruma. Alikuwa amevaa gauni jipya na viatu vya kumbana. Kijana mmoja wa mashineni, mwenye vumbi mpaka kwenye kope, alimtazama kwa muda.

"Shikamoo, Mama. Unaenda kuolewa wewe au Shija?"

"Marahaba. Naenda kula. Wewe saga."

Kutoka hapo tulipita Geita, tukavuka daraja jipya la Busisi, na mchana tulikuwa Mwanza. Njia nzima nilimsimamia arudie masomo. Shija, aliyesoma shule za bweni na anajua uma tangu utotoni, alikaa kiti cha mbele na kuvaa vitu vya masikioni.

Bandarini Mwanza meli ilikuwa nyeupe kiasi cha kunifanya niangalie viatu vyangu. Edwin alitusubiri kwenye ngazi na shangazi yake, mwanamke mrefu aliyenyooka kama bado yuko mbele ya darasa. Edwin akanyoosha mkono kumsalimia Mama Shija. Mama Shija akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, akainamisha macho, akaitika salamu akiwa ameelekea ziwani.

"Mama, mkono," nikamnong'oneza.

Hakuutoa. Nikajiambia ni aibu ya mara ya kwanza, na nikaongeza somo la kupeana mikono kwenye ratiba ya jioni.

Meli ilipong'oa nanga, Shija alianza kichefuchefu, akalala chumbani. Mimi nilijawa na furaha ambayo sistahili. Mhudumu mkuu, Festo, aliyevaa glovu nyeupe, alinionyesha ukumbi wa chakula: glasi nne kwa kila mtu, na uma zimenyooka kama zimepigwa kamba. Nilipima mmoja kwa kidole gumba alipogeuka. Ulikuwa sawasawa. Nilitaka kulia.

"Wageni wenu tuwakalishe vipi?" akaniuliza.

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye glovu. Nikamjibu kama video zilivyonifundisha: mwenyeji ni Edwin, mgeni wa heshima ni mama wa binti, na mgeni wa heshima hukaa mkono wa kulia wa mwenyeji, karibu kabisa, ili mazungumzo yasipotee. Shangazi akae mbele yao. Mimi nikae kulia kwa Mama Shija, nimsaidie kwa kumgusa goti.

"Umesomea wapi?" akauliza Festo.

"Nje," nikasema, maana nilikuwa nasomea uani, ndani mtandao haushiki.

Jioni hiyo ya kwanza kozi zilikuja. Kwanza supu ya kijani kwenye kikombe cha kahawa. Kisha sato, kipande cha ukubwa wa kiberiti, na matone matatu ya sosi. Mama Shija alikitazama kile kipande.

"Hii ni sampuli," akaniambia kwa chini. "Mzigo wenyewe uko wapi?"

Lakini hakula. Uma aliushika vizuri mno, kisha akauweka. Edwin, akitaka kuwa mwema, alimsogezea mkate, akamwagia maji, akamuuliza kama samaki ana chumvi ya kutosha. Kila alipogeuziwa uso, Mama Shija aliinama zaidi, mpaka nikaogopa paji lake litagusa sosi. Nilimgusa goti. Nilimgusa tena. Alinishika mkono chini ya meza akaubana kwa nguvu za mtu aliyewahi kubeba mawe. Sahani saba zilikuja na saba zikarudi kama zilivyokuja.

Ma Adelina aliona yote. Mwalimu haachi kuona.

Siku ya pili tulitia nanga Nkome, upande wa Geita. Ratiba ya meli iliiita ziara ya bandari. Watalii walivaa kofia za majani wakaongozwa kutazama dagaa wakianikwa ufukweni, kazi ambayo watu wa pale waliendelea nayo bila kujua kuwa ni kivutio. Mama Shija, aliyeamka amechoka kama mgonjwa, alipata uhai ghafla. Akaacha msafara, akawasalimia wanawake wa dagaa kwa Kisukuma, na muda si mrefu gunia zima la dagaa lilikuwa linapandishwa kwenye meli ya kifahari kwa kamba ya katani.

"Samahani, mama," alisema Festo, akiangalia glovu zake. "Huu ni mzigo wa aina gani?"

"Wa mkono."

Mchana, mezani kwenye nafasi zilezile, hakula tena. Edwin aliuliza kama aagize kitu kingine. Mama Shija akajibu kwamba ameshiba, akilielekeza jibu kwenye chupa ya chumvi. Mimi nilikuwa natokwa jasho. Niliamini kabisa kwamba kosa lilikuwa uma, kwamba wiki moja haikutosha. Baada ya chakula nilimfuata chumbani na vijiko viwili ili turudie.

Alinitazama kwa huruma, akala karanga alizozificha kwenye soksi ya safari.

Nilipotoka, Ma Adelina alikuwa amesimama koridoni.

"Binti, njoo," akasema. "Mama yenu tumemkosea nini?"

"Hamjamkosea, Ma. Shikamoo."

"Marahaba. Nilisema nile naye. Nimekaa naye meza moja mara mbili, chakula cha mwanangu hakigusi. Kwetu mtu akikataa chakula chako mbele yako, anakwambia neno. Kesho tunarudi Mwanza. Nikishuka bila kula naye, barua ya mahari naichana. Simtishi mtu. Nakwambia tu ujue."

Mchana huohuo, kabla sijapata pa kutapikia, tulifika Nansio, Ukerewe. Watalii walipelekwa kutazama jambo fulani la kihistoria. Mama Shija hakuonekana. Ma Adelina na mimi tulimtafuta sokoni, yeye akitembea mbele na mimi nyuma kama mwanafunzi anayepelekwa ofisini. Tulimkuta kwa mama mmoja anayekaanga samaki, amekaa kwenye benchi, viatu amevua, na mbele yake sato mzima mwenye kichwa na mkia. Ugali ulikuwa umebaki robo. Alikuwa anakula kwa namna ambayo mtu akiiona anapata njaa.

Alipomwona Ma Adelina, hakustuka. Alisogea.

"Karibu, dada. Nawa."

Ma Adelina alisimama. Kisha akanawa, akakaa.

"Kwa hiyo unakula," akasema.

"Nakula sana."

"Sasa kule melini tatizo ni nini? Ni mimi?"

"Wewe nitakula nawe mpaka kesho. Lakini yule ni mkwe wangu." Mama Shija alipasua samaki akamwekea mwenzake upande wenye nyama. "Nitafungua kinywa mbele ya mkwe wangu, bega kwa bega, ananimwagia maji, ananitazama nikitafuna? Nilijaribu, dada. Nilishindwa."

Niliketi kwenye ndoo iliyokuwa karibu.

Kwa sababu nilijua. Hili ndilo linaloniuma nikiandika. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Kwa bibi yangu, kijijini Bukombe, mkwe wake alipokuja, bibi alihama na sahani yake mpaka nyuma ya nyumba, na sisi watoto tulipeleka ujumbe mbio, huku na huko, na hakuna aliyeona ajabu. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali wakitazamana. Hata mtoto wa darasa la kwanza Kahama asingewaweka meza moja. Mimi nilimweka Mama Shija mkono wa kulia wa mkwe wake, karibu kabisa, ili mazungumzo yasipotee.

"Mama," nikasema, "mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Wewe ndiye uliyesomea mambo ya meli. Nikasema labda huku majini imeruhusiwa, ila mimi ndiye mshamba."

Ma Adelina alikuwa ameanza kucheka, kicheko cha mwalimu, cha puani. "Bibi yangu akimsikia mkwewe getini alikimbilia migombani," akasema. "Siku moja mvua ilimnyeshea huko mpaka jioni, na mkwe yuko ndani anakunywa chai." Alikula kipande. "Edwin nimemsomesha mno. Haya hakufundishwa na mtu, na kosa ni langu." Akala kingine. "Ila usiniambie tumemaliza. Huyu samaki ni wako. Nataka nile nawe chakula cha mwanangu."

Jioni ya mwisho, kwa hiyo, nilirudi kwa Festo. Nilimwomba kitambaa kikubwa kuliko vyote vya meza na kitu cha kukitundikia. Alikuwa na kitambaa. Kamba hakuwa nayo, isipokuwa ile ya gunia la dagaa. Tuliifunga kutoka nguzo hadi nguzo, katikati ya meza ndefu, na kitambaa cheupe kikashuka mpaka chini. Upande mmoja nikawaweka Mama Shija na Ma Adelina, nami nikakaa nao, upande wa pili Edwin na Shija, aliyekuwa ameweza kusimama. Ukumbi mzima wa kifahari ulinuka Nkome. Mtalii mmoja alituuliza kama ni maonyesho.

Nilipima uma pande zote mbili, mara moja tu.

Mama Shija alikula. Alianza na uma wa nje, sahihi kabisa, kisha kozi ya tatu akaviweka pembeni vyote, akatumia mkono, na Ma Adelina naye vilevile. Na kwa mara ya kwanza tangu Mwanza alizungumza na mkwe wake, kwa sauti ya kawaida, kupitia kitambaa.

"Baba, hamjambo huko?"

"Hatujambo, Mama. Chakula kinafaa?"

"Kinafaa, ila ni sampuli. Sasa nakwambia mapema, usije ukasema nilikuficha. Shija ugali hajui kusonga. Unatoka na mabonge."

"Mama, jamani," ilisema sauti ya Shija.

"Nayajua mabonge yake," Edwin akajibu. "Huwa nasonga mimi."

Mama Shija alifuta mdomo kwa leso, kwa kugusagusa kama nilivyomfundisha, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Basi sina neno," akasema.

Ma Adelina aliigonga glasi kwa kijiko, kama kengele ya mapumziko. "Nimekula naye," akatangaza, akiwa hamtazami mtu. "Mahari inakuja."

Kesho yake tulishuka Mwanza, tukarudi kwa njia ya Shinyanga. Nilikuwa nimejipangia kuwaandikia nyumbani habari za kozi saba, na kumbe nilichojifunza ni kitu nilichokuwa nacho tangu utoto, nikakiacha Bukombe nikidhani mezani hakina kazi. Sasa mtu akiniita kupanga meza, simwulizi kwanza wageni ni wangapi. Namwuliza ni nani hapaswi kumwona nani akitafuna.

Tulipokuwa tunapita Kagongwa, Mama Shija aliniambia harusi yote naipanga mimi. Nikamwuliza hilo swali langu jipya. Akaanza kuwataja: mume wa binti yake mkubwa, mke wa mwanawe, wakwe wa kaka zake wote, na mmoja wa Ushirombo ambaye hata jina lake hataji. Alikuwa bado anataja tulipoingia Nyasubi. Kwenye ukumbi niliouchora kichwani kila mtu alikuwa nyuma ya pazia lake, na bi harusi alikuwa anakula peke yake katikati. Nikafuta, nikaanza upya.